Ndege ya Tongwe na Mabega Yaliyoibeba



Katika chumba cha katekesi cha parokia yetu hapa Likasi, juu ya meza mbili zilizounganishwa, vijana kumi na mmoja wa chama chetu wanaunda mfano mdogo wa ndege ya vita iliyoruka zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni ndege ya majini. Haina magurudumu, bali chini yake ina mitumbwi miwili ya kuelea, ili iweze kuruka kutoka juu ya maji na kutua juu ya maji. Tangu kazi hiyo ilipoanza, kamati imepokea malalamiko matatu. La kwanza lasema kwamba si halali chama cha waamini kuwafundisha vijana kutengeneza chombo cha kuulia watu. La pili lasema kwamba ndege hiyo ilikuwa ya Wabelgiji, nasi hatuna deni la kuwatukuza. La tatu halisemwi mkutanoni. Lasemwa mlangoni baada ya Misa, kwamba kijana mwenye mikono mizuri namna hiyo angekuwa na kitu cha kupeleka nyumbani jioni. Kamati itaamua mwezi ujao kama kazi iendelee au isimame. Naandika ili kueleza kwa nini naona yafaa iendelee, na kwa sharti gani.

Kwanza tuijue ndege yenyewe, kwa maana wengi wanaoinung'unikia hawajaingia chumbani kuiona. Ni ya aina ya Short 827, iliyobuniwa Uingereza. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yalikuwa na mita 16 na sentimita 40 hivi. Urefu wa mwili ulikaribia mita 10 na sentimita 70. Kila upande palikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa vijiti vya mti na nyaya zilizokazwa. Mwili wote ulikuwa kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa. Iliendeshwa na injini moja ya Sunbeam, ikachukua watu wawili tu, nao walikaa wazi, upepo ukiwapiga usoni. Zaidi ya mitumbwi miwili mikubwa, ilikuwa na kielea kidogo chini ya mkia na vingine chini ya ncha za mabawa, ili isije ikalala ubavu juu ya maji. Kilikuwa chombo chepesi mno. Ukiona leo baiskeli zinazoshuka mjini zimebeba magunia ya makaa, utadhani ndizo zilizoundwa kwa ajili ya vita, na ile ndege kwa ajili ya sikukuu.

Ndege nne za namna hiyo Uingereza iliwaazima Wabelgiji, nazo zikafanya kazi katika ziwa Tanganyika mwaka wa 1916. Wakati ule Wajerumani walikuwa ng'ambo, Kigoma, na meli yao kubwa, Graf von Götzen, ndiyo iliyotisha pwani yote ya upande wetu. Mawimbi ya Tanganyika ni makali. Yangalivunja mitumbwi ya ndege kabla haijainuka. Kwa hiyo kituo kiliwekwa katika ziwa dogo lililotulia, liitwalo Tongwe, karibu na Mtoa. Kutoka hapo, mwezi wa Juni 1916, rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe alivuka ziwa na kuiangushia Kigoma mabomu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alifariki kwa ugonjwa huko Niemba, hapo hapo Tanganyika yetu, wala hakuiona tena nchi yake.

Mambo hayo yameandikwa vitabuni, na jina la rubani limehifadhiwa. Sasa niulize swali ambalo binti mmoja wa kikundi aliniuliza siku ya pili ya kazi, naye akiwa ameshika kipimio mkononi: ndege ilifikaje Tongwe? Haikuruka kutoka Ulaya. Ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, kwa meli hata Matadi, kisha kwa reli na mashua za mto, ikipakiwa na kushushwa kila mahali ambapo maporomoko ya Kongo hayaruhusu mashua kupita. Kila kushusha na kila kupakia kulifanywa kwa mikono na mabega. Mabega hayo hayana majina.

Na isidhaniwe kwamba mambo hayo yalikuwa ya mbali, ya watu wa Kalemie peke yao. Mwaka uliotangulia, 1915, Waingereza walipitisha boti mbili za vita, Mimi na Toutou, katika ukanda wetu huu huu. Zilikuja kwa reli kutoka kusini, zikapita Elisabethville na Kambove, zikashushwa Fungurume mwezi wa Agosti, kwa maana reli iliishia hapo. Toka Fungurume zilikokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba hata Sankisia, safari iliyomalizika mwishoni mwa Septemba. Watu wa vijiji walikata miti, wakajenga madaraja juu ya kila kijito, wakavuta kamba pale mashine zilipokwama. Maji yalipokosekana, wanawake waliyateka mbali na kuyabeba vichwani ili mashine zisikauke. Wasomaji wetu wenye asili ya Fungurume au Lubudi, hao walikuwa nyanya zenu.

Hapa nataka nizungumze kama mwalimu, maana ndiyo kazi niliyofundishwa kabla sijawa katekista. Vijana wetu waliamua kuunda ndege kwa kipimo cha moja kwa ishirini, yaani kila sentimita ishirini za ndege ya kweli ziwe sentimita moja mezani. Mabawa yakawa sentimita 82. Mwili ukawa sentimita 53 na nusu. Baadhi yao walikuwa wakishindwa na hesabu za uwiano darasani mwaka mzima; mezani walizielewa kwa juma moja, kwa sababu ubao ukikatwa vibaya hausameheki, nao ubao wa kufaa ni adimu. Wanatumia mbao za masanduku, mianzi iliyopasuliwa, na shuka kuukuu iliyokazwa kwa uji wa unga wa muhogo. Nyaya za kushikanisha mabawa ni za shaba, zimefunuliwa kutoka katika mota zilizokufa. Katika mji huu, walau shaba hatukosi.

Kipimo ni mwalimu asiyependelea. Ukikata bawa kwa moja kwa ishirini, sharti mkia nao ukatwe kwa moja kwa ishirini. Huruhusiwi kukikuza unachokipenda na kukipunguza usichokipenda. Basi tulipofika hapo nikawaambia vijana: na watu je? Mtu wa mita moja na sentimita 70, kwa kipimo chetu, ni sentimita 8 na nusu. Rubani na mwenzake tayari wamechongwa, wameketi mahali pao. Wapagazi nao wachongwe kwa kipimo kile kile, wawekwe mezani pamoja na masanduku, wala wasiwe wadogo kuliko rubani hata kwa nusu sentimita.

Wakauliza, wangapi? Swali hilo lilitupeleka kwenye hesabu nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Wanahistoria wanahesabu kwamba wapagazi walioandikwa na Wabelgiji kwa ajili ya vita ile ya Afrika ya Mashariki walipita 200,000. Askari walioteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916 hawakufikia hata sehemu ya kumi ya idadi hiyo. Vijana walichukua mpagazi mmoja mmoja, wakampa nafasi ya mita mbili njiani, kama msafara unavyokwenda. Kwa kipimo chetu ni sentimita kumi. Wakazidisha. Msafara wa watu wa mti wenye kimo cha kidole ungekuwa na urefu wa kilomita 20. Ungetoka mlangoni mwa chumba cha katekesi, ukapita mjini, ukashika njia ya Kambove na kuukaribia mji huo. Na ndege ni sentimita 82 tu. Nilipowaona vijana wanatazamana, nilifahamu kwamba somo la historia ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi kwa chaki halijapata kufundishwa hivyo.

Kwa hiyo nawajibu wale wanaosema kwamba tunawatukuza Wabelgiji. Ndege peke yake juu ya meza, iliyopakwa rangi vizuri, ndiyo ingewatukuza. Ndege yenye msafara wake haimtukuzi mtu. Inaonyesha nani alikaa juu na nani alibeba. Wala simnyimi Behaeghe haki yake: alikuwa kijana, alikufa ugenini, naye pia ni marehemu wa kuombewa. Lakini tusimwombee yeye peke yake kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeandikwa.

Nalirudia sasa lalamiko la kwanza, ambalo ndilo zito. Mzee mmoja wa chama, ninayemheshimu sana, alileta shauri la upatanisho: ndege imalizike, lakini bila mabomu, na ubavuni ichorwe msalaba, ili ionekane kama ndege ya kubebea wagonjwa. Nia yake ni njema. Nakataa kwa heshima, na sababu yangu ni hii. Ile ndege ilibeba mabomu, nayo ilipelekwa juu ya mji wenye watu. Tukiyaondoa mabomu tutakuwa tumechonga uongo na kuuwekea msalaba, jambo ambalo mimi naona ni baya kuliko mabomu yenyewe ya mti. Papa Benedikto wa 15, aliyeongoza Kanisa wakati wa vita ile, hakuificha sura yake. Tarehe 1 Agosti 1917 aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyopigana na kuwaonyesha kwamba wanachinjana bure. Wengi walimkasirikia, pande zote mbili. Ni Papa huyo huyo ambaye mwaka wa 1920 alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanaosafiri angani. Marubani wa vita walikuwa bado hai, mikono yao ingali na harufu ya baruti. Hakungoja ndege ziwe safi ndipo azikabidhi kwa Mama.

Wapo watakaonikumbusha habari ya Götzen, nao watakuwa na haki, kwa maana ni habari nzuri. Meli ile haikuzamishwa na mabomu ya ndege. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wakiiacha Kigoma, baada ya kuipaka injini mafuta ili isioze. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Imebeba wasafiri, samaki, mahindi na wagonjwa wa pwani ile kwa miaka isiyohesabika. Na mwaka wa 1997 ilirudisha nyumbani makumi ya maelfu ya wakimbizi wetu waliokuwa wamekimbilia ng'ambo. Chombo cha vita kikawa chombo cha watu. Ndiyo. Lakini Liemba iliinuliwa pamoja na tope lake. Hakuna aliyewaambia watu wa Kigoma kwamba haikuwa kamwe meli ya mizinga. Kila mtoto wa pwani ile ajua ilikotoka, na kwa sababu ajua, anafahamu ni jambo gani limetendeka.

(Na kwa wale wanaodhani kwamba kitu cha mti hakiwezi kudhuru wala kufaa: boti za Waingereza zilipofika mbele ya ngome ya Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, Juni 1916, zilisita kwa kuihofu mizinga iliyoonekana ukutani. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Mizinga ilikuwa ya mbao. Somo hilo vijana walilipenda kupita kiasi, na nimelazimika kuwazuia wasichonge mizinga.)

Sisi wa Likasi tuna sababu ya pekee ya kutojificha. Shinkolobwe haiko mbali nasi. Kutoka shimo lile ilitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwa bomu lililoangushwa na ndege juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana. Waliochimba na kubeba magunia yale walikuwa baba na babu wa watu wanaosali nasi. Hawakuambiwa ni nini. Wapagazi wa Tongwe walijua walau kwamba wamebeba ndege. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakujua hata hilo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulipolaani uharibifu wa miji mizima pamoja na wakaaji wake, nadhani ulitusemesha sisi pia, si wale tu waliobonyeza kifyatulio. Na leo madini yetu yanaondoka barabarani usiku na mchana, nasi tunahesabu malori bila kujua yanakwenda kuwa nini. Papa Fransisko alipofika Kinshasa, tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea wanaoifanya Afrika kuwa mgodi wa kunyang'anywa. Tulimpigia makofi. Lakini mgodi hauwezi kuuliza swali. Mtu ndiye aulizaye. Kijana aliyezoea kuuliza, kitu hiki kimetoka wapi, nani alikibeba, kilikwenda kufanya nini, huyo atauliza vivyo hivyo siku atakapopewa gunia lake.

Hapo ndipo linapoingia lalamiko la tatu. Silidharau. Wawili kati ya vijana kumi na mmoja wamekwisha kutuacha na kwenda machimboni, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na jicho la kupima kuliko wote. Nyumbani kwao wako saba. Siwezi kumwambia mama yake kwamba ndege ya mbao italeta unga. Ninachoweza kusema ni kwamba mikono ya vijana hawa inajifunza sasa mambo ambayo mji huu ulikuwa ukiyalipa zamani, walipokuwako mafundi wa karakana kila mtaa: kusoma mchoro, kukata kwa milimita, kulehemu waya mwembamba bila kuuchoma, kurudia kazi mara ya tatu bila kutupa nyundo. Useremala na ufundi wa mota huanzia hapo. Mtakatifu Yosefu hakumlea Yesu kwa mahubiri. Alimweka karibu na meza ya kazi. Kama chama kina fedha kidogo katika sanduku lake, nashauri isinunue sare mpya mwaka huu. Inunue vifaa vya mbao, na fundi mmoja mstaafu aalikwe kila Jumamosi awafundishe, apewe nauli na chakula.

Sharti langu kwa kamati, basi, ni moja. Ndege imalizike pamoja na mabomu yake, na mbele yake wasimame wapagazi kwa kipimo cha haki. Hatutaweza kuchonga 200,000, lakini arobaini wanatosha kufunika meza ya pili, na kando yake iwekwe karatasi yenye ile hesabu ya kilomita 20, ili kila aingiaye aifanye mwenyewe. Hadi Jumamosi iliyopita walikuwa wamechongwa kumi na wanne, wanaume tisa na wanawake watano wenye mitungi. Mitungi si ya Tongwe, ni ya njia ya Fungurume, najua. Vijana waliiomba nami nikaikubali, maana wanawake wale hawana meza nyingine ya kusimama.

Wakati wa mwezi wa marehemu, meza zote mbili zitahamishiwa katika ukumbi wa parokia, kama kamati ikiridhia na Baba Padri akitoa ruhusa. Misa ya tarehe 2 Novemba itaombewa nia ya waliobeba. Kuna familia kati yetu ambazo bado zina kumbukumbu ya babu aliyechukuliwa kwa njia ya Lukuga, au ya Mitumba, au ya Tabora, akarudi au asirudi. Mwenye jina, hata nusu ya jina, hata jina la utani alilopewa na kapita wake, alilete kwa katibu wa chama kabla ya mwisho wa Oktoba. Litaandikwa kwa wino katika daftari la nia za Misa, na binti anayechonga ataliandika chini ya nyayo za mpagazi mmoja. Mpaka sasa tuna majina matatu.